Redio mbili za mkononi kwa mkondo wa Nungwi: Baofeng UV-5R, Icom IC-M25, na maneno ya kusema ndani yake

Baofeng UV-5R ni redio kol ya nchi kavu. Tunaanza na hilo kwa sababu bei yake ndogo imeiingiza mpaka kwenye vyombo vya bahari, na nahodha akishaitia kiunoni huona kinga ya safari ameshaipata. Icom IC-M25 ni redio ya baharini tangu ilipochorwa, na bei yake ni mara tano ya ile au zaidi. Hapa tunazipima zote mbili kwa kazi moja tu: boti ndogo, mashua au jahazi linalovuka baina ya Unguja na Pemba, au linalokwenda dago (kambi ya uvuvi), limepata tabu na linataka kusikika. Kwa kulinda geti la hoteli au kupanga magari ya harusi, UV-5R inatosha na inabaki.

Mzanzibari hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012. Zile zilikuwa meli za abiria. Kwenye boti ya faiba yenye watu tisa na magunia ya karafuu, redio ya mkononi mara nyingi ndiyo redio pekee iliyopo.

Maji ya chumvi

IC-M25 ina daraja la IPX7, maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ina uzito wa gramu 220 hivi na inaelea. Ikigusa maji, taa yake huanza kumetameta yenyewe hata kama redio imezimwa. Usiku hiyo ndiyo itakayokuonyesha ilipoangukia, na ukiwa nayo mkononi majini itamwonyesha mwokozi ulipo wewe. Spika ikijaa maji na sauti ikaanza kukoroma, redio ina mtetemo maalumu wa kuyatoa. Inachajiwa kwa waya mdogo wa USB, kwa hiyo pawabenki au paneli ndogo ya jua ya kisiwani inatosha. Angalizo ni moja: kifuniko cha mpira cha tundu la chaja kikiachwa wazi, IPX7 haipo tena. Kifungwe kabla chombo hakijasukumwa majini, na kifutwe mchanga kwanza, kwa sababu punje moja ya mchanga inaweza kukiacha na upenyo.

UV-5R haina daraja lolote la kuzuia maji, na ikianguka baharini inazama. Maji huingia kwa njia tatu: kwenye wavu wa spika, pembeni mwa kitufe cha kusemea, na kwenye matundu mawili ya kisikizio yaliyofunikwa kwa mpira. Ubaya wake si kwamba itakufa papo hapo. Chumvi hula taratibu vile vibati vya betri na shina la antena, na redio inaendelea kuwaka, inasikia watu vizuri kabisa, mwenye nayo ana imani nayo. Siku anapobonyeza kusema, inazima. Kusema kunavuta umeme mwingi kuliko kusikiliza, na kibati chenye kutu hakiwezi kuupitisha wote kwa mara moja. Kwa hiyo redio iliyowahi kupigwa na mawimbi haijaribiwi kwa kusikiliza. Ijaribiwe kwa kusema, kwa nguvu ya juu, sekunde kumi mfululizo, huku ukiangalia kama skrini inafifia.

Vibati hivyo visafishwe kwa spiriti ya kusafishia na kitambaa kila baada ya safari chache. Mfuko laini wa plastiki wa kuvaa shingoni, ule usiopitisha maji, unasaidia sana: sauti inapita kwenye plastiki nyembamba, na ukiacha hewa kidogo ndani, redio haizami.

Kwenye betri UV-5R ina sifa yake, nayo isidharauliwe. Ya akiba ni rahisi kununua na inabadilishwa kwa sekunde tatu. Ile ya IC-M25 ina mAh 1500, ambazo mtengenezaji anazihesabu kuwa saa 11 iwapo kati ya kila dakika 100 unasema 5, unasikiliza 5 na 90 redio imekaa kimya. Ukizungumza sana na wenzako juu ya samaki, ondoa saa kadhaa.

Umbali wa kweli

Boksi la redio nyingi za mkononi huahidi kilomita ambazo baharini hazipo. Mawimbi ya VHF, ambayo redio hizi mbili zinatumia, huenda karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa antena kutoka usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12. Umepata kilomita za upeo wako. Fanya vivyo hivyo kwa unayemwita, kisha jumlisha.

Mtu aliyekaa ndani ya ngalawa, redio mdomoni, yuko mita 1.5 juu ya maji. Upeo wake ni kilomita 5. Ngalawa kwa ngalawa ni kilomita 10. Akimwita aliye kwenye meli yenye antena ya mita 15, ni kilomita 21. Akiita mnara wa pwani wa mita 30, ni 27 na kitu. Baina ya Unguja na Pemba ni kilomita 50 hivi, kwa hiyo aliye katikati ya mkondo ana kilomita 25 kila upande. Yaani hata ukikadiria mnara mrefu na mtu anayeusikiliza, uko ukingoni, na redio ya wati 5 yenye antena fupi mkononi mwa mtu aliyeloa haifiki kwenye ukomo wa hesabu. Tumaini la karibu zaidi ni chombo kinachopita.

Kutoka hapo unaona kwa nini wati hazistahili pesa zako. UV-5R hutoa wati 4 hivi, IC-M25 hutoa 5, na ziko redio zinazouzwa ghali kwa kuandikwa wati 8. Ukiongeza wati mara mbili upeo hausogei hata hatua moja. Sauti inapata unafuu kidogo tu kwa yule ambaye tayari yuko ndani ya upeo. Baharia akipanda mlingoti wa jahazi mpaka mita 6, upeo wake unatoka kilomita 5 kuwa 10. Nguvu ya bure iko juu ya mlingoti. Asimame, ashike antena wima kama mnara unavyosimama, asiilaze, na vidole visiiguse.

Antena ya asili ya UV-5R ina sentimita 15 hivi na ni dhaifu. Ile ndefu ya Nagoya NA-771, ya sentimita 39 hivi, inaleta tofauti inayosikika. Lakini ikiachwa kiunoni ikagongagonga kila mahali, huilegeza skrubu ya shina, na shina likilegea ndani ya redio hakuna fundi wa haraka.

Kuitayarisha UV-5R

IC-M25 unaitoa kwenye boksi, unaichaji, unabonyeza kitufe cha 16, chaneli ya kuitana na ya dharura, basi. Kitu cha kuangalia ni kundi la chaneli: zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina makundi ya USA, INT na CAN, na huku kwetu iwe INT, la sivyo baadhi ya namba za chaneli zitakupeleka kwenye masafa mengine.

UV-5R haijui chaneli za bahari. Inajua masafa tu, na lazima uyaingize wewe. Kwanza jambo la sheria. Redio hii haikuidhinishwa kuwa redio ya baharini, na matumizi ya masafa yanahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo mamlaka yake yanafika Zanzibar kwa kuwa posta na simu ni jambo la Muungano. Kwa mazungumzo ya kila siku baharini, basi, UV-5R haifai. Ila Kanuni za Redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinasema wazi kwamba chombo kilicho hatarini hakizuiliwi kutumia njia yoyote iliyo nayo ili kujulikana. Kwa hiyo iandaliwe kwa kusikiliza na kwa dharura.

Bonyeza VFO/MR mpaka iwe hali ya masafa. Chagua mstari wa juu kwa A/B. Kuhifadhi kwenye mstari wa chini ndiyo sababu ya kwanza ya watu kusema redio imekataa. Andika 156800, ambayo ni chaneli 16. Kisha pita kwenye menyu hizi moja moja. Namba 2 iwe HIGH. Namba 5 iwe WIDE. Redio za bahari zinatumia upana wa kHz 25, na ukiiacha NARR sauti yako inafika ndogo kama ya mtu aliyezibwa mdomo, na sauti zao kwako zinapasuka. Namba 10, 11, 12 na 13 zote ziwe OFF. Namba 11 ndiyo muuaji wa kimya kimya: ikiwa na toni yoyote (mlio mdogo unaotumwa pamoja na sauti kama ufunguo), redio haitafungua sauti ya chombo kisicho na toni hiyo, na baharini hakuna anayetumia toni. Utakaa unasubiri jibu ambalo limeshakuja. Namba 25 iwe OFF. Halafu namba 27, chagua 016, bonyeza MENU, toka kwa EXIT.

Rudia kwa chaneli 06 ambayo ni 156300, chaneli 72 ambayo ni 156625, na 77 ambayo ni 156875. Usiingize 156525. Hiyo ni chaneli 70, njia ya kompyuta za redio kutumiana miito ya dharura. Sauti ya mtu ikipita pale inavuruga miito hiyo. Ziko pia chaneli zinazotumia masafa mawili, kwa mfano 26, ambapo pwani inasema kwenye 161.900 na chombo kinasema kwenye 157.300. Andika 161900, namba 25 iwe alama ya kutoa, na namba 26 iwe 004.600. Kwa boti ndogo chaneli hizo si za lazima.

Yamebaki mambo ambayo hayaonekani mpaka yakuharibie. VOX, namba 4, iwe OFF. Ikiwa imewashwa, upepo wa kusi ukipiga kwenye maikrofoni redio inajifungua na kuanza kusema peke yake, na chaneli 16 inazibwa kwa kila aliye karibu, akiwemo aliye kwenye tabu. BCL, namba 23, iwe OFF, kwa sababu inakukataza kusema palipo na mtu anayesema. TDR, namba 7, inasikiliza mistari miwili kwa pamoja. Ni nzuri bandarini, lakini ikisikia kitu mstari wa chini, jibu lako pia huondokea chini kwa sekunde kadhaa, na wewe unadhani uko 16. Izime unapoondoka. TOT, namba 9, inakata maneno yako baada ya muda uliowekwa, na kiwandani huwekwa sekunde 60. Mwito wa MAYDAY uliopangwa vizuri unatosha ndani yake, ule wa kubabaika hautoshi. Mlio wa mwisho, namba 39, uzimwe.

Na kile kitufe cha rangi ya chungwa ubavuni. Wengi wanaamini ni kitufe cha kuomba uokozi. Ukikibonyeza kidogo, kinafungua redio ya FM ya muziki na habari. Ukikishikilia, kinapiga kelele hapo ulipo, na kwa mipangilio mingine ya namba 32 kinatuma mlio au tarakimu hewani ambazo hakuna meli iliyo tayari kuzitafsiri. Hakiiti KMKM, kikosi cha ulinzi wa bahari cha Zanzibar, hakiiti bandari, hakiiti mtu. Kila anayepanda chombo na redio hii aambiwe hilo kabla ya kung'oa nanga. IC-M25 nayo haina kitufe chekundu cha dharura ya kidijiti, na huo ndio upungufu wake mkubwa. Anayeweza kuongeza pesa anunue redio ya mkononi yenye DSC (mwito wa kidijiti) na GPS, aipatie namba ya utambulisho ya MMSI, ambayo kwa Tanzania huanza na 674 au 677. Hapo kubonyeza kitufe kimoja kunatuma namba hiyo na mahali bila kusema neno.

Maneno

Redio ikishakuwa sawa, kinachobaki ni kinywa, na hapa ndipo tunapoona watu wengi wanapotea, kwa sababu wameyachukua maneno ya redio kutoka kwenye filamu za polisi.

Namba zile za "ten-four" ni za polisi wa Marekani. Zilianza 1937 kwa Charles Hopper, mkuu wa mawasiliano wa polisi wa jimbo la Illinois, na sababu yake ilikuwa ya kiufundi: mitambo ya wakati ule ilichukua nukta kuamka baada ya kubonyezwa, silabi ya kwanza ikapotea. Neno "ten" likatangulizwa ili lipotee lenyewe na maana ibaki. Ufupi ulipatikana, lakini kila mji ukaja na orodha yake. Kwenye orodha ya APCO, chama cha Marekani cha mawasiliano ya usalama, 10-13 ni habari ya hali ya hewa na barabara. Kwa polisi wa New York, 10-13 ni askari mwenzetu anahitaji msaada. Tangu 2006 serikali kuu ya Marekani imeweka sharti la lugha ya kawaida pale vikosi mbalimbali vinapokutana kwenye maafa. Kwa hiyo ukikuta hoteli ina karatasi ya namba hizo ukutani, jua ni lugha ya nyumba hiyo peke yake. Mlinzi akiona moto, aseme "moto jikoni". Wa zimamoto, wa gari la wagonjwa na wa KMKM wote wataelewa. Baharini namba hizo hazina kazi kabisa.

Somo la Hopper moja tu lichukuliwe: bonyeza kitufe, hesabu moja, ndipo useme. UV-5R yenye SAVE, namba 3, ikiwa imewashwa hulala vipande vipande ili kutunza betri, na hukosa mwanzo wa sentensi ya anayekuita. Ukimwita mtu mwenye redio ya aina hiyo, jina lake litangulie, tena mara mbili au tatu, ujumbe uje nyuma.

Bahari ina maneno matatu tu ya kufungulia mlango. MAYDAY ni kwa roho zilizo hatarini sasa hivi: chombo kinazama, kinaungua, mtu amepotea majini. Lilibuniwa 1923 kwenye uwanja wa ndege wa Croydon, London, na Frederick Mockford, kutokana na Kifaransa cha "nisaidieni", na likakubaliwa kimataifa 1927. PAN-PAN ni kwa haraka isiyofika huko: injini imekufa lakini nanga imeshika, mgonjwa anahitaji daktari. SÉCURITÉ ni tahadhari kwa wengine, kama gogo linaloelea njiani. Kila moja husemwa mara tatu. Mwenye injini iliyokufa akasema MAYDAY anatoa watu kwenye kazi ya mwingine; na mwenye boti inayoingia maji kwa kasi akaona haya kulisema, anachelewa. Ukiwa na shaka na maji yanapanda, sema MAYDAY.

Mpangilio wake uandikwe kwenye karatasi, ufunikwe kwa plastiki, ufungwe karibu na usukani. Tuchukue boti inaitwa Subira:

MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY.
Hapa ni Subira, Subira, Subira.
MAYDAY Subira.
Nipo maili 6 kaskazini mashariki ya mnara wa taa wa Nungwi. Nyuzi 5 dakika 39 kusini, nyuzi 39 dakika 22 mashariki.
Boti inaingia maji, injini imezima.
Nahitaji msaada wa haraka.
Tupo watu 9, wawili watoto.
Boti ya faiba nyeupe, wote wamevaa jaketi.
Ova.

Bila pupa inachukua sekunde 40. Mahali panatangulia ajali kwa makusudi: betri ikikata katikati, aliyesikia tayari anajua pa kuja. Achia kitufe, sikiliza, kisha rudia. Anayeshikilia kitufe baada ya kumaliza hawezi kusikia jibu, na kosa hili ni la kawaida kuliko yote.

Meli za mizigo zinazopita bahari yetu zina mabaharia wa mataifa mengi, na sharti la kimataifa linazitaka zisikilize chaneli 16. Kwao sema kwa Kiswahili na kisha kwa Kiingereza cha bahari, ambacho IMO, shirika la kimataifa la bahari, ilikipanga 2001 ili kisimbabaishe mtu: "I am sinking" ni ninazama, "I am on fire" ni ninaungua, "person overboard" ni mtu ameanguka majini, "I require immediate assistance" ni nahitaji msaada wa haraka, "nine persons on board" ni tupo watu 9. Yanatosha. Hakuna haja ya kujua Kiingereza kingine.

Namba ni hatari peke yake. Kwenye redio inayokoroma, "nne" na "nane" hazitofautiki, na "sita" hugeuka "sitini" sikioni mwa aliyechoka. Taja tarakimu moja moja, na idadi ya watu irudie kwa kuihesabu: "tupo watu nane, nasema moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane". Inachukua sekunde tano na inazuia waokozi kurudi nyumbani wakiwa wamemwacha mtu.

Saa nayo. Ukimwambia nahodha wa kigeni kuwa ulizima injini "two o'clock" ukimaanisha saa mbili ya usiku, ameandika saa nane. Waachie wenye saa saa yao. Sema "two hours ago", saa mbili zilizopita.

Mahali kwa simu: programu nyingi za ramani huonyesha desimali, mfano -5.65 na 39.37. Hiyo .65 si dakika 65, wala haiwezi kuwa. Zidisha desimali kwa 60: .65 ni dakika 39, na .37 ni dakika 22. Kama akili haitulii kufanya hesabu, na nani itamtulia pale, soma desimali kama zilivyo na utaje neno "desimali". Na mahali pa kutajia umbali pawe alama inayojulikana na kila mtu, kama mnara wa Nungwi, wa Ras Kigomasha au wa Chumbe. Majina ya miamba ya uvuvi yanajulikana na wavuvi wa kijiji chenu tu.

Jina la chombo likiulizwa, litamke kwa herufi za kimataifa: Sierra, Uniform, Bravo, India, Romeo, Alfa. Kwa sisi wenye kuchanganya l na r faida yake ni kubwa, maana Lima na Romeo hazichanganyiki. Na kwa kuwa jina moja la heri hupewa vyombo vingi, ongeza namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni.

"Roja" maana yake nimeyapokea yote. Haina maana ya ndiyo wala nakuja. "Ova" ni nasubiri jibu lako. "Auti" ni nimemaliza, nafunga. Ova na auti kwa pamoja haziji kwa mtu anayejua anachosema.

Ukisikia MAYDAY ya mwingine, nyamaza, andika, subiri kidogo anayeweza zaidi ajibu. Hakuna aliyejibu? Ichukue wewe: MAYDAY RELAY mara tatu, jina la chombo chako mara tatu, kisha jina la chombo kilicho kwenye tabu na mahali kilipo, kama ulivyoandika. Jahazi lenye mlingoti wa mita 6 linaweza kuifikisha sauti ambayo ngalawa haikuweza. Ukisikia "seelonce mayday", chaneli imefungwa kwa kila mtu asiyehusika na uokozi huo, na kujaribu redio, kusalimia au kuuliza kumetokea nini visubiri mpaka litangazwe "seelonce feenee".

Majaribio ya redio kabla ya safari yafanyike Mkokotoni, Nungwi, Wete au Mkoani kwa chombo cha jirani, kwa chaneli 72 au 77, kwa maneno machache. Na injini ikiwaka tena baada ya MAYDAY, au aliyepotea akapatikana, rudi chaneli ile ile: "MAYDAY, vyombo vyote mara tatu, hapa ni Subira mara tatu, MAYDAY yangu nimeifuta, watu 9 wako salama, naelekea Nungwi, auti." Asiyefanya hivyo akaingia bandarini na kwenda kulala, anawaacha watu usiku kucha wakizunguka mawimbini kumtafuta.